Stesheni ya reli ya Kigoma: lipi ni historia na lipi ni hadithi?

Mwalimu wa Mwanga

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Ninafundisha somo la Historia katika shule moja ya sekondari hapa Kigoma, na mwezi uliopita niliwapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha pili kulitazama jengo la stesheni ya reli, lile jeupe lenye matao ambalo Barabara ya Lumumba inaishia miguuni pake. Nilidhani nimejiandaa vya kutosha: nilikuwa na mwaka, nilikuwa na neno "Wajerumani", na nilikuwa na sentensi mbili tatu za kitabuni kuhusu Reli ya Kati. Haikupita nusu saa nikawa nimeishiwa.

Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini jengo kubwa namna ile lilijengwa hapa wakati mji uliojulikana tangu zamani ni Ujiji. Wa pili alisema bibi yake amemsimulia kwamba chini ya stesheni kuna njia ya siri inayopanda hadi ile nyumba ambayo leo ni Ikulu Ndogo, ili Mfalme wa Ujerumani akishuka kwenye treni apite bila kuonekana na watu. Wa tatu, binti ambaye hajawahi kunyoosha mkono darasani tangu Januari, aliuliza ni nani waliobeba mawe. Swali la kwanza nililijibu vibaya, la pili nililicheka, na la tatu nikasema tutaendelea nalo darasani, jibu ambalo kila mwalimu aliyebanwa analijua.

Naomba msaada wa wanaoyafahamu mambo haya. Jengo hili lilikuja vipi kuwa hapa? Habari ya mfalme ina ukweli gani? Tena, kwa kuwa reli mpya ya kisasa inakuja upande wetu, je, sheria inalilinda vipi jengo la zamani kama hili? Naomba tusibaki kwenye tarehe tu; mwenye kumbukumbu ya nyumbani kwao kuhusu stesheni naye aandike.

Msomaji wa Nyaraka

Mwalimu, swali lako la kwanza ndilo lenye uzito, kwa hiyo nitaanza nalo na nitalikalia kidogo.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma tarehe 1 Februari 1914, baada ya safari ya takribani kilomita 1,250. Kazi ya ujenzi ilikuwa ya kampuni ya Philipp Holzmann ya Frankfurt. Kwanza wapangaji hawakuwa na uhakika kwamba njia itakwenda mbali kiasi hicho. Fedha za kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro ziliidhinishwa peke yake, na kila kipande kilichofuata kilihitaji ugomvi wake huko Berlin. Kwa hiyo tusiwaambie wanafunzi kwamba Mjerumani aliamka siku moja akachora mstari kutoka baharini hadi ziwani. Mstari ule ulikua kwa vipande.

Sasa, kwa nini Kigoma? Ujiji ulikuwa mji wa misafara, wenye soko na nyumba za wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili, na Stanley alipomkuta Livingstone pale mwishoni mwa 1871 Kigoma kilikuwa kijiji tu cha pwani ya ziwa. Lakini msafara wa miguu na mtumbwi havidai kina cha maji. Meli ya chuma inadai. Ufuko wa Ujiji uko wazi kwa upepo na maji yake ni ya kina kifupi, na hali hiyo ilizidi baada ya mwaka 1878, ziwa lilipopata njia ya kutokea kupitia mto Lukuga upande wa Kongo na usawa wa maji ukashuka kwa mita kadhaa katika miaka iliyofuata. Ghuba ya Kigoma, kinyume chake, imekumbatiwa na vilima na ina kina kikubwa karibu na ukingo. Mhandisi wa reli hakuchagua mji. Alichagua maji, na mji ukamfuata.

Ndiyo maana mimi husema jengo lile halisomeki bila bandari iliyo chini yake. Meli ya Graf von Götzen, ambayo sisi tunaijua kwa jina la Liemba, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kupakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli, na ikaunganishwa upya hapa Kigoma na kushushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Hebu fikiria makasha hayo yote yakishuka mwisho wa reli. Stesheni na meli vilikuwa kitu kimoja: mzigo wa Kongo, Burundi na Rwanda uvuke ziwa, upande behewani, uende baharini.

Kuhusu Mfalme Wilhelm II. Hakuwahi kufika Kigoma, wala hakufika popote Afrika Mashariki. Hata hivyo hadithi haikuota hewani. Serikali ya kikoloni ilikuwa imepanga maonyesho makubwa Dar es Salaam mwezi Agosti 1914, kusherehekea pamoja na mengine kukamilika kwa reli hii, na wageni wa heshima walitarajiwa. Vita vikaanza mwezi huo huo na maonyesho yakafa. Mji uliokuwa ukitandika mkeka kwa ajili ya mgeni, kisha mgeni asije, hubaki na masimulizi ya mgeni.

Na ile njia ya chini ya ardhi? Nimeisikia Tabora kuhusu boma, nimeisikia Bagamoyo, nimeisikia Dar es Salaam, na kila mara msimulizi ameipata kwa mtu ambaye naye hakuingia. Pembeni yake hutembea ndugu yake, hadithi ya mali ya Mjerumani iliyofukiwa, ambayo imewafanya watu wachimbe hata makaburi. Humo kuna chembe ya kweli: mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na fedha zimewaishia, walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo katika karakana ya reli ya Tabora, kwa dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke. Kwa hiyo dhahabu, reli na Mjerumani anayekimbia vilikutana kweli, lakini vilikutana Tabora, kilomita 400 kutoka hapa. Mwambie mwanafunzi wako asimcheke bibi. Amwulize alisimuliwa na nani, na lini.

Jambo la mwisho ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Wajerumani walilitumia jengo hili kwa muda mfupi mno. Katikati ya 1916 ndege za Wabelgiji zilizokuwa zikitua majini upande wa pili wa ziwa zilikuja kuishambulia bandari, tarehe 26 Julai Wajerumani wakaizamisha meli yao wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, na siku mbili baadaye Wabelgiji wakaingia mjini. Kutoka Februari 1914 hadi Julai 1916 ni miaka miwili na nusu. Jengo tunaloliita la Mjerumani limekaa kwa wengine zaidi ya miaka 100.

Mstaafu wa Reli

Nimesoma, nimefurahi, na naomba niongeze ya mfanyakazi. Niliajiriwa mwishoni mwa miaka ya 1970, siku zile Shirika la Reli Tanzania lilikuwa bado changa, kwa sababu Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na kila nchi ikachukua vipande vyake vya reli. Wakubwa wetu kazini walikuwa wamefundishwa chini ya lile shirika la Afrika Mashariki lililoundwa 1948, na nidhamu yao ilikuwa ya kutisha. Kofia ikiwa upande, unarudishwa nyumbani.

Ndugu Msomaji ameeleza kwa nini stesheni iko hapa. Mimi nieleze kwa nini ni kubwa. Watu huitazama wakadhani ukubwa ni mbwembwe tu. Mbwembwe zipo, sikatai, lakini reli ya njia moja ina mahitaji yake. Treni mbili zinapotoka pande mbili haziwezi kupishana popote isipokuwa stesheni, na dereva haruhusiwi kuondoka mpaka bwana stesheni awe amewasiliana na stesheni ya mbele, akahakikishiwa kwamba njia ni tupu, na akamkabidhi dereva kibali mkononi. Sasa chukua stesheni ya mwisho, ambapo kila treni inayoingia inapaswa kupangwa upya ili itoke, mabehewa ya abiria yasafishwe, ya mizigo yapelekwe bandarini, na hesabu zote za tiketi na vifurushi zifungwe kabla ya safari. Hapo unahitaji ofisi, ghala, karani wa vifurushi na karani wa tiketi, na pia mahali pa abiria kulala, maana abiria wa meli hawafiki kwa saa ya treni. Meli ikichelewa Kalemie au Mpulungu kwa sababu ya mawimbi, watu hukaa. Nimewaona wakikaa siku tatu chini ya yale matao na ndoo za mawese na magunia ya dagaa, wakipika, wakizaa hata, na harufu ile ya dagaa ilikuwa haitoki kwenye sakafu hata kwa sabuni. Matao yale si urembo, Mwalimu. Ni kivuli.

Jambo jingine ambalo vijana hawalijui ni Wabelgiji. Baada ya vita Waingereza walikabidhiwa nchi, lakini Wabelgiji hawakuondoka mikono mitupu. Kwa mkataba wa tarehe 15 Machi 1921 walipewa eneo la bandari hapa Kigoma na jingine Dar es Salaam, kwa pango la faranga moja kwa mwaka, bila ukomo. Faranga moja! Shaba ya Katanga, kule Kongo, ikapita hapa kwenda baharini kana kwamba inapita uani kwao. Wazee waliliita eneo hilo Belbesi, yaani Belbase, kituo cha Wabelgiji, nami nililisikia jina hilo kabla sijajua maana yake. Nyerere alipokaribia kupokea Uhuru mwaka 1961 alisema wazi kwamba Tanganyika haitafungwa na upangaji wa milele ambao haikuutia sahihi. Walimu huwa wanafundisha msimamo wake kuhusu mikataba ya wakoloni kwa maneno makubwa. Waambie wanafunzi kwamba sehemu ya msimamo huo ilizaliwa kutokana na gati wanaloliona kutoka dirishani.

Kuhusu njia ya chini ya ardhi, nilifanya kazi katika jengo lile kwa miaka mingi, nikabadilishiwa zamu za usiku zisizo na hesabu. Sijawahi kuiona. Nilichokiona ni popo.

Mjukuu wa Manamba

Shikamoo mzee wetu wa reli, na shikamooni wote mlionitangulia. Mimi ni mwenyeji wa Kasulu, na ninaandika kwa ajili ya yule binti aliyeuliza ni nani waliobeba mawe, kwa sababu naona swali lake limepitwa.

Wajenzi wa reli kwa mikono walikuwa Waafrika, na kwa sehemu kubwa Wanyamwezi na Wasukuma, watu ambao baba zao walikuwa wapagazi wa misafara katika njia hiyo hiyo. Kabla ya reli, mzigo wa pembe za ndovu ulitoka Ujiji kwenda pwani mabegani mwa watu kwa miezi. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871 na kufika Ujiji baada ya zaidi ya miezi saba, akiwa na vita na maradhi njiani. Treni ikaifanya safari hiyo kwa siku chache tu. Kwa hiyo wapagazi walilaza mataruma ya kitu kilichoua kazi ya upagazi. Sijui kama walilipwa kiasi cha kufurahia mzaha huo.

Kwa sisi Waha, hata hivyo, stesheni ina maana nyingine. Chini ya Waingereza eneo letu la Buha lilifanywa kuwa ghala la nguvukazi. Hawakutuhimiza tulime zao la kuuza kama walivyofanya kwa wengine, lakini kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa mashambani kwa mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri vibarua, iliyoitwa SILABU, na wanaume wa huku wakaandikishwa, kila mmoja na namba yake, ndiyo wakaitwa manamba. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alitembea kutoka kijijini hadi Kigoma pamoja na wenzake wa rika moja, akalala nje ya lile jengo, akapandishwa treni na kushushwa Kimamba, kwenye mashamba ya mkonge. Waliokuwa wakienda Tanga walikuwa na safari ndefu zaidi, kwa sababu reli ya Tanga haikuungana na Reli ya Kati hadi mwaka 1963. Walishuka njiani wakamaliziwa kwa malori.

Babu hakusema neno kuhusu matao wala kuhusu Mjerumani. Alikuwa akisema alipoona ukuta ule mweupe kwa mara ya kwanza alidhani ni hospitali, kwa sababu kabla ya safari walipangwa mstari na kupimwa afya. Alifanya kazi kwa kipande, ile kadi ya siku 30, na siku ambayo mnyapara hakuridhika haikutiwa alama. Alikaa miaka sita. Aliporudi, alisema, aliposhuka stesheni hakuna aliyekuwa akimngoja kwa sababu hakuna aliyejua, na akakaa kwenye ngazi mpaka jua lilipochwa, akiona haya kurudi kijijini mchana akiwa na sanduku moja tu.

Mwalimu, kama utawafundisha wanafunzi kuhusu jengo hilo, naomba usiishie kwa Holzmann.

Msomaji wa Nyaraka

Ndugu yangu wa Kasulu, umenisahihisha na nimekubali. Nilianza na wapangaji kwa sababu nyaraka zao ndizo zilizobaki.

Nijibu la sheria, maana lilibaki. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo hulindwa pale Waziri anapolitangaza kuwa la kumbukumbu. Maana yake ni kwamba majengo yote ya Wajerumani, kuanzia Bagamoyo hadi hapa, yako upande ule wa mstari unaohitaji tamko. Hilo la 1863 naliona la ajabu kidogo, kwani karibu kila kitu tunachokiita mji wa zamani huku bara ni cha baada ya mwaka huo.

Ama reli ya kisasa, mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022, kwa kilomita 506 ukijumlisha njia za kupishania. Reli mpya ina upana wa milimita 1,435 na ya zamani 1,000, kwa hiyo treni ya reli moja haiwezi kupita kwenye reli nyingine; reli mpya ina stesheni zake. Ninachoona ni kwamba hatari ya jengo la zamani kwa kawaida si kubomolewa. Ni kuachwa. Paa la vigae likivuja mvua mbili bila mtu kupanda juu, mbao zinaoza, na baada ya hapo mhandisi yeyote atasema kwa ukweli kabisa kwamba jengo si salama.

Mstaafu wa Reli

Kweli tupu. Nyumba hutunzwa na anayeifungua madirisha asubuhi. Mimi ningependa pale pawe mahali pa kusomea, na zile daftari za zamani za stesheni, kama zipo zilizosalimika na mchwa, ziwekwe humo vijana wasome majina ya mizigo na majina ya vituo: Uvinza, Malagarasi, Kaliua, Urambo. Lakini hilo ni tamanio la mzee.

Mwalimu wa Mwanga

Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Jana niliyasoma majibu haya darasani kama yalivyo, pamoja na ya popo. Tuliposoma habari za manamba darasa lilinyamaza, kisha mikono mitano ikapanda kwa pamoja: watano kati ya wanafunzi 43 walisema na wao wana babu au babu wa babu aliyepanda treni ile. Mmoja amesema nyumbani kwao sanduku bado lipo.

Nimewapa kazi ya wiki mbili. Kila mmoja amwulize mzee mmoja swali moja tu, yaani mara ya kwanza ulipofika stesheni ulikuwa unakwenda wapi, na aandike jibu kwa maneno ya mzee mwenyewe bila kuyanyoosha. Yule binti aliyeuliza habari za mawe ameomba aulize wawili. Mzee wetu wa reli, kama uko karibu na afya inaruhusu, tungependa utupokee stesheni Jumamosi ya wiki ijayo saa tatu asubuhi. Wanafunzi watakuja na maji yao ya kunywa, na mimi nitakuja na daftari.

Mstaafu wa Reli

Nitakuwepo saa mbili na nusu. Kwetu sisi, saa tatu ni kuchelewa.